Kerezo la mtumba katika gereji ya Rayners Lane

Baba yangu alifika Heathrow mwezi wa Oktoba, miezi mitatu baada ya kumzika mama Morogoro. Viza yake ilikuwa ya miezi sita. Dada zangu waliona asiachwe peke yake katika nyumba ile, nami nikasema aje kwetu Rayners Lane apumzike na kuwaona wajukuu. Nilisahau kwamba mtu aliyesimama mbele ya mashine kwa miaka 34 hajui kupumzika. Kwa wiki tano alikaa kwenye kiti cha dirishani, koti mwilini, akitazama njia ya gari tunayotumia pamoja na jirani. Ukimwuliza kama anahitaji kitu, anajibu, "Hapana mwanangu, nimeridhika," na chai inapoa mkononi mwake.

Makala haya yanahusu kufufua mashine kuukuu ya kukereza chuma nyumbani. Nimeanza na Baba kwa sababu karibu kila kitu cha maana nitakachoeleza humu kimetoka kwake, na vichache alivyokuwa havijui tulijifunza pamoja.

Kwa wasioijua mashine hii, kukereza ni neno la zamani la pwani. Miguu ya vitanda vya Lamu na Unguja, ile yenye mabonde na vifundo, ilikerezwa: kipande cha mti kinazungushwa, fundi anakisogezea chuma chenye makali, na kila kinachojitokeza kinaliwa mpaka mti unakuwa mviringo. Kerezo la chuma hufanya vivyo hivyo kwa chuma, shaba na alumini, ila kisu chake hakishikwi kwa mkono. Kimefungwa kwenye kigari kinachotembea juu ya reli mbili. Gerezani, Dar es Salaam, wataiita lethi, na kazi yenyewe kuchonga. Kama uliwahi kutengenezewa bushi au shafti ya gari mtaani, ilipita kwenye mashine ya namna hii.

Mke wangu ndiye aliyetupatia, ingawa hapendi niseme hivyo. Alikuwa kituo cha basi anaongea na mama yake mkubwa kwa simu. Alipomaliza, ajuza mmoja wa Kisingasinga aliyekaa pembeni akamwambia, "Habari ya nyumbani, mama?" Ndivyo ilivyo huku Harrow. Unaweza kukaa karibu na mtu mwaka mzima, ukamsalimu kwa Kiingereza kila siku, kumbe alizaliwa Nakuru au Jinja. Mume wa ajuza huyo alikuwa fundi wa karakana ya reli Nairobi, mmoja wa wale tuliowaita Makalasinga, ambao baba na babu zao waliletwa kutoka Punjab kujenga reli ya Mombasa hadi ziwani kati ya 1896 na 1901 na kuitunza baada ya hapo. Alikuja Uingereza Februari 1968, wakati Wahindi wengi wa Kenya walipokuwa wakikimbizana na sheria mpya ya uhamiaji iliyokuwa inawafungia mlango. Alikuwa amefariki miaka miwili. Gerejini kwake palikuwa na mashine iliyofunikwa kwa blanketi, na kijana wake alitaka pafanywe chumba.

Niliilipia pauni 600 bila kumwuliza mwenye nyumba. Hizo ndizo pesa tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya boila. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa. Basi mashine yako ituchemshie maji," na hakuongea nami mpaka Jumapili.

Siku ya kwenda kuichukua nikamchukua Baba. Kitu pekee kilichokuwa kimemwinua kichwa wiki zile kilikuwa stesheni yetu, kwa sababu yeye ni mtu wa reli. Pale Rayners Lane treni za njia mbili, Piccadilly na Metropolitan, hutumia reli zilezile mpaka Uxbridge, na zile za Metropolitan ni kubwa kuliko za Piccadilly. Alikuwa amesimama darajani nusu saa nzima kwenye upepo akiangalia zinavyopokezana. Sasa alifika mlangoni kwa yule mama, akaamkia shikamoo. Mama akafikiri kidogo, kama mtu anayetafuta kitu kabatini, akajibu, "Marahaba." Wakaanza kuhesabu miaka. Baba aliajiriwa na East African Railways 1968, akapelekwa Nairobi kujifunza mwaka uliofuata. Marehemu alikuwa ameshaondoka. Walipishana kwa mwaka mmoja.

Blanketi lilipotolewa, Baba hakuigusa mashine kwanza. Aliinama, akatazama reli kwa pembeni kama mtu anayetazama ubao kama umepinda, kisha akapitisha ukucha juu yake. "Huyu mzee alikuwa anapaka oili," akasema. "Tuichukue."

Mashine yenyewe ni Myford ML7, iliyotengenezwa Beeston karibu na Nottingham. Kiwanda kilianza kuuza aina hii mara baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa karakana ndogo na mafundi wa nyumbani, na ikaenea Uingereza nzima. Kipenyo cha kitu kikubwa kabisa kinachoweza kuzunguka juu ya reli zake ni inchi saba, kama milimita 178. Kati ya kichwa na mkia kuna kama inchi 20 kwa ile fupi kama yetu. Ina kasi sita, kuanzia mizunguko 35 hadi 640 kwa dakika. Kiwanda cha Beeston kilifungwa 2011 na jina likachukuliwa na wauza zana wengine, lakini mashine ziko nyingi mno mikononi mwa watu kiasi kwamba vipuri, vipya na vya mtumba, bado vinapatikana. Kwa anayenunua kwa mara ya kwanza, hilo ni jambo kubwa kuliko bei.

Jambo la pili ni kibati cha mota. Mashine nyingi nzuri zinazouzwa rahisi hapa zilitoka shuleni na viwandani, na mota zake ni za fezi tatu. Nyumba zetu zina fezi moja. Zinaweza kutumika kwa kifaa cha kubadilisha umeme, lakini hiyo ni gharama nyingine, na wengi hugundua wakiwa wameshalipa. Yetu ilikuwa ya fezi moja tangu kiwandani.

Kuihamisha mitaa miwili ilituchukua siku nzima. Ina uzito mkubwa hata bila meza. Tulitoa mkia, tukatoa mota, tukatoa kile kishikio cha taya tatu ambacho mafundi huita chaki, ndipo mimi na shemeji yangu na jirani tukanyanyua. Shemeji alishika ile skrubu ndefu inayopita mbele, kwa sababu imekaa kama mpini. Baba alipiga kelele ambayo sikuisikia tangu nina miaka kumi na minne. Skrubu ile ndiyo inayovuta kigari wakati wa kukata nyuzi za bolti. Ikipinda kidogo tu, kila bolti utakayotengeneza itakuwa na kosa hilo.

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Nilitaka kuifungua yote, kukwangua rangi, kupaka mpya ya kijivu, kununua beringi. Nilikuwa nimeshatazama video nyingi. Baba akasema hapana, wiki tatu hakuna kufungua kitu ambacho hatujakipima. "Mashine ya mtu mwingine ni kama mgonjwa wa daktari mwingine," akasema. "Kwanza ujue alikuwa anampa dawa gani."

Kwa hiyo tulisafisha. Mafuta ya taa, brashi na matambara, basi. Msasa haukuruhusiwa karibu na reli, kwa sababu chembe zake hujificha kwenye chuma na kuendelea kusaga miezi baada ya wewe kusahau. Kutu nyepesi tuliitoa kwa oili na sufi laini ya chuma, kisha tukafuta mara tatu. Pampu ya upepo pia ilikatazwa, maana inasukuma chenga za chuma chini ya kigari, mahali ambapo hutaziona tena. Rangi ya zamani tuliiacha ilivyo. Rangi za miaka ile huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake ndani ya nyumba yenye watoto si jambo la kujaribu.

Waya za umeme ndizo tulizobadilisha mara moja. Mpira uliozifunika ulikuwa unapukutika kama mkate mkavu. Hapo Baba hakujifanya anajua sheria za huku, nasi tukamwita fundi umeme mwenye leseni. Alifunga waya wa ardhi unaoeleweka, na swichi ambayo umeme ukikatika na kurudi, mashine haijiwashi yenyewe mpaka ubonyeze kitufe. Kama una pauni chache tu za kutumia kwenye mashine kuukuu, zitumie hapo.

Kuhusu oili tulibishana. Baba alitaka ya injini, kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Lakini oili ya injini ya siku hizi imewekewa dawa ya kuufanya uchafu uelee ili uende kwenye chujio, na mashine hii haina chujio. Spindo ya ML7, yaani ile shafti ya kichwani inayozungusha kazi, hutaka oili nyepesi ya haidroliki, namba 32. Reli hutaka nzito zaidi, namba 68, ile yenye kunata ya mashine. Kopo la lita moja la kila aina linamtosha mtu wa nyumbani muda mrefu. Juu ya kichwa kuna vikombe viwili vya kudondoshea oili tone kwa tone. Unavifungua kabla ya kuwasha na kuvifunga ukimaliza. Oili ikishapita kwenye beringi inaishia kwenye sinia chini, hairudi. Usipovifungua utaunguza beringi, na usipovifunga utakuta dimbwi asubuhi.

Kipande cha kwanza tulichokata kilitoka na mawimbi. Ukipitisha kidole, kinakwaruza kama ngozi ya papa. Mimi nikasema beringi zimekwisha, nikatoa simu kutafuta bei. Baba akapiga magoti, akapenyeza karatasi chini ya mguu wa meza. Ikapita. Meza yangu ya mbao, niliyojivunia, ilikuwa imesimama kwa miguu mitatu. Tulipotia kabari na kuifunga sakafuni kwa bolti, nusu ya mawimbi ilikwisha.

Nusu iliyobaki ilikuwa beringi kweli. Tuliweka saa ya kupimia juu ya spindo, Baba akatia mpini wa jembe ndani ya chaki na kuunyanyua taratibu. Mshale ukasogea elfu nne za inchi, kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Zilitakiwa ziwe nusu ya hapo au pungufu. Sasa, beringi za ML7 si za gololi. Ni vipande viwili vya madini laini meupe yenye bati vinavyoikumbatia spindo, na kati ya kifuniko na mwili kuna vibati vilivyogandishwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka elfu mbili za inchi. Ukibandua tabaka moja kila upande, kifuniko kinashuka kwa kiasi hicho. Hununui kitu. Unachohitaji ni wembe na mkono uliotulia.

Baba alichukua wembe. Mkono wake ulitikisika. Aliuweka chini, akausugua mkono kwa mwingine, akajaribu tena, na ncha ikakwaruza pembeni. Nilitaka kuupokea, lakini alimgeukia binti yangu mwenye miaka kumi na miwili, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo akisubiri kufukuzwa akalale. "Njoo wewe, mjukuu wangu. Macho yako ni mapya." Akamwelekeza kwa maneno tu, hatua kwa hatua, na binti akabandua vibati vyote kama anayemenya kitunguu. Kuanzia siku hiyo Baba alisema na yeye akafanya, nami nikawa mshika taa.

Baada ya kukaza tuliizungusha nusu saa kwa kasi ya kati, mkono juu ya kifuniko. Inatakiwa iwe na joto la uji wa mtoto. Ukishindwa kuweka kiganja, zima na urudishe tabaka moja, maana madini yale yakiyeyuka hakuna kibati kitakachokusaidia.

Ugonjwa wa reli ulikuwa mgumu zaidi. Kigari kikikazwa vizuri karibu na kichwa, kiligoma kutembea kikifika karibu na mkia. Kikilegezwa ili kipite huko, kilicheza huku. Hiyo ni dalili ya kawaida ya mashine ya nyumbani, kwa sababu kazi nyingi ni fupi na hufanyika karibu na chaki, kwa hiyo reli inalika hapo tu. Morogoro, Baba alisema, wangeipeleka kwenye mashine kubwa ya kusaga. Baada ya Jumuiya kuvunjika 1977, karakana kuu ilibaki Nairobi na Tanzania Railways Corporation ilibidi ijitegemee. Kipuri kilichokuwa kikija kwa treni, sasa kikawa kinachongwa. Yeye alizoea makerezo marefu ya karakana ya reli. Hii ya kwetu aliiita kifaranga, na hakujua ugonjwa wake unatibiwaje nyumbani.

Jibu lilikuwa mwendo wa miguu kutoka kwetu. Kwenye bustani ya Roxbourne kuna reli ndogo ya Chama cha Wahandisi wa Mifano cha Harrow na Wembley, watu wanaojenga garimoshi za mvuke zenye kimo cha goti na kuwabeba watoto Jumapili za majira ya joto. Wanangu wameshapanda mara nyingi bila mimi kujiuliza magurudumu yale yanachongwa wapi. Novemba hakuna watoto wa kubeba, lakini tulimkuta mzee mmoja wa Kiingereza akifunga bomba. Baba akamweleza shida kwa Kiingereza chake cha karakana, ambacho ni majina ya vifaa na mikono. Yule mzee alielewa kila kitu. Mimi, niliyeishi hapa miaka kumi na saba, ndiye niliyehitaji kutafsiriwa.

Alichotufundisha ni hiki. ML7 za mwanzo, zilizotengenezwa kabla ya 1972, kigari chake huongozwa na reli ya mbele peke yake, pande zake mbili. Ubavu wa nyuma wa reli ya nyuma haukuguswa na chochote tangu mashine itoke kiwandani. Kwa hiyo unakata kipande cha chuma kilichonyooka, unakifunga kwenye kigari kwa skrubu ili kitegemee ubavu huo mpya, na kigari kinaanza kuongozwa kwa upana wote wa mashine. Kuanzia 1972 kiwanda chenyewe kiligeukia mpango huo wa upana. Kazi ilituchukua Jumamosi tatu, nyingi zikiwa za kupima na kukwangua kidogo kwa tupa. Kigari sasa kinatembea kutoka kichwani mpaka mkiani kwa uzito uleule mkononi.

Ndipo tukainyoosha. Kila kerezo jepesi hujipinda kidogo linapofungwa mezani, hata kama meza ni nzuri. Unashika fimbo ya chuma yenye unene kama wa kidole gumba, ikitokeza milimita 150 nje ya chaki bila kushikiliwa na mkia. Unakata ngozi nyembamba mwanzoni na mwishoni, kisu kikiwa palepale, kisha unapima kwa mikromita. Yetu ilikuwa nene zaidi mwishoni kwa sehemu moja ya kumi ya milimita. Maana yake huko mwisho kisu kinaikimbia kazi. Unaweka kibati chini ya mguu wa mbele wa upande wa mkia, reli zinainama kuelekea kazi, unakata tena. Binti yangu aliandika vipimo kwenye daftari la shule. Mara ya sita tofauti ilikuwa sehemu moja ya mia. Baba akasema inatosha, Bwana Mungu naye ana kazi nyingine.

Sasa nieleze jambo ambalo ningependa kuliruka. Mwezi wa Januari, siku ya Jumanne, nilirudi kutoka zamu ya asubuhi, maana naendesha basi, nikaingia gerejini kufanya haraka kipande changu mwenyewe. Nilikaza chaki, nikageuka kuchukua miwani, binti akaingia kuniita chakula. Nikanyoosha mkono kwenye kitufe. Baba alikuwa mlangoni nyuma yake. Hakusema neno, alipita kati yetu na kuzima swichi ya ukutani kabla kidole changu hakijafika. Ufunguo wa chaki ulikuwa bado umesimama juu ya chaki. Ningewasha, ungeruka kama jiwe la manati, na mwanangu alikuwa amesimama usawa wake.

Baba alimtuma mtoto ndani. Akaniambia kwamba ujanani alimwona mwenzake akipoteza jicho kwa ufunguo wa namna hiyo, na kwamba mtu yule alikuwa fundi bora kuliko yeye. Kisha akakaa juu ya ndoo muda mrefu. Siku tatu mashine haikuwashwa. Siku ya nne alikereza kikombe kidogo cha chuma, akakivika kwenye ufunguo pamoja na springi, ili ukiuachia tu mkono uruke wenyewe na kuanguka chini. Hicho ndicho kitu cha kwanza kilichotengenezwa na mashine yetu, na kama wewe una kerezo, kitengeneze kabla ya kingine chochote.

Sheria nyingine za gerejini kwetu ziliandikwa wiki hiyo kwa mkono wa binti: hakuna glavu, hakuna pete, mikono ya nguo imekunjwa juu ya kiwiko, mtandio unavuliwa au unachomekwa ndani. Nyuzi ndefu za chuma haziondolewi kwa vidole hata mashine ikiwa imezimwa. Zinavutwa kwa kulabu. Na chaki ya ML7 imeshikwa kwa nyuzi za skrubu, kwa hiyo hatukati chuma mashine ikizunguka kinyume, isije ikajifungua na kutoka.

Baridi ya huku nayo ni adui ambaye Baba hakuwahi kukutana naye. Asubuhi ya jua baada ya usiku wa barafu, chuma kinatokwa jasho, na kufika jioni kina kutu ya rangi ya chungwa. Nilikuwa na hita ya mafuta ya taa, nikafikiri inasaidia. Kumbe moto ule hutoa mvuke mwingi wa maji, na tulikuwa tunailowesha mashine wenyewe. Sasa tuna hita ndogo ya umeme ya bomba chini ya meza, na tunaifunika mashine kwa shuka la pamba. Plastiki hufungia unyevu ndani. Khanga moja ya mama, iliyokuja na Baba kwenye sanduku, ndiyo anayofunikia kichwa cha mashine. Sikumwuliza.

Boila ilitengenezwa Februari kwa pesa za zamu za ziada. Baba alitaka sana kuifungua, nikamweleza kwamba hapa gesi haiguswi na mtu ambaye hakusajiliwa Gas Safe. Mke wangu alilegea siku gurudumu la kigari chake cha sokoni lilipoacha kulia. Babu na mjukuu walikuwa wamelikerezea bushi ya shaba. Alikisukuma jikoni huku na huku, akasema kimya kinamtisha, na akapeleka chai gerejini vikombe vitatu.

Baba aliondoka Aprili, siku nne kabla ya viza kwisha. Kabla ya safari alikwenda kumuaga yule mama wa Kisingasinga, akampelekea kinara kidogo cha shaba kilichochongwa kwenye mashine ya mumewe. Mama alikigeuzageuza, akatafuta alama za kisu kwa kidole gumba kama mke wa fundi anavyojua kutafuta.

Siku hizi hupiga simu ya video kila Jumamosi saa tisa za mchana za huku, jioni Morogoro. Hasalimii sana. Anamwambia mjukuu wake asogeze simu karibu na kichwa cha mashine, awashe, anyamaze. Anasikiliza. Mara nyingine anasema mkanda umelegea, na kwa kawaida ni kweli. Tukimaliza na binti akiinua simu kumuaga, swali lake ni lilelile, na mara mbili tatu limeturudisha gerejini mbio:

"Matone mmefunga?"